Dakika 5, lepe la mchana, siku nzima au likizo: uchovu gani unataka pumziko gani?

Mtu aliyechoka huchukua pumziko lililo karibu naye, si lile analolihitaji. Saa 9 alasiri kope zimekuwa nzito, anafungua simu, anapitisha kidole kwenye skrini robo saa nzima, kisha anarudi kazini akiwa vilevile, pengine na hasira kidogo. Anasema mapumziko hayamsaidii. Kumbe alikuwa na usingizi tu, na simu haijawahi kuwa dawa ya usingizi.

Mapumziko hayashiki nafasi ya mengine ovyo ovyo. Dakika tano za kunyoosha mgongo hazilipi usiku uliokatwa, na wiki mbili za likizo hazimsaidii mtu anayekaa saa tano mfululizo bila kuinuka kitini kila siku ya kazi. Kwa hiyo ulinganisho huu hauanzi na saa, unaanza na uchovu wenyewe.

Jipime kwanza

Uchovu wa umakini unajulikana kwa makosa madogo. Unasoma mstari uleule mara tatu, unakosea tarakimu, unafungua faili na kusahau ulichokifuata. Mwili hauna neno na kope si nzito, ila akili inateleza.

Uchovu wa usingizi una kipimo rahisi: keti mahali tulivu dakika kumi bila simu wala mazungumzo. Ukianza kusinzia, una deni la usingizi, hata kama dakika moja iliyopita ulikuwa ukijiona mchangamfu. Kelele na pilikapilika huficha usingizi, haziuondoi.

Uchovu wa mwili huuma mahali: shingo, kiuno, vifundo vya mikono, macho yanayowasha. Uchovu wa moyo ndio unaochanganya watu zaidi. Umelala vizuri, mwili mzima, lakini unaichukia kazi kabla hujaigusa, na jambo dogo la mwenzako linakukera kupita kiasi. Huu hautibiwi kwa kahawa wala kwa dakika tano.

| Pumziko | Muda | Linafaa | Halifai | Kosa la kawaida |
|---|---|---|---|---|
| Pumziko fupi | dk 1–10 | umakini, macho, mgongo | usingizi | kulitumia kwenye simu |
| Matembezi | dk 15–30 | kukwama, uchovu wa kukaa | deni la usingizi | kwenda huku ukijibu ujumbe |
| Lepe fupi | dk 10–20 | usingizi wa mchana | uchovu wa moyo | kupitiliza hadi nusu saa na zaidi |
| Usingizi mrefu wa mchana | dk 90 hivi | aliyekesha, wa zamu ya usiku | mwenye shida ya kulala usiku | kulala jioni |
| Siku nzima bila kazi | saa 24 | moyo, mwili | usingizi wa wiki nzima | kuikata vipandevipande |
| Likizo | siku 7–14 | moyo | ratiba mbovu ya kila siku | kuisubiri mwaka mzima |

Mapumziko mafupi: 25 kwa 5, 50 kwa 10, au mpaka ukwame?

Mtindo wa dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika ulibuniwa na Muitaliano Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwa mwanafunzi. Aliuita Pomodoro, yaani nyanya, kwa sababu saa ya jikoni aliyoitumia ilikuwa na umbo la nyanya. Baada ya mizunguko minne unachukua pumziko refu la dakika 15 hadi 30. Ubora wake mkubwa ni kwa kazi usiyoipenda: dakika 25 hazimtishi mtu, hivyo kuanza kunakuwa rahisi. Barua pepe, kuingiza takwimu, kusahihisha mitihani, kusoma kitabu kigumu kwa ajili ya mtihani, zote zinakaa vizuri humo.

Hapo hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Anayeandika programu, anayetunga, anayepiga hesabu ndefu hutumia dakika 10 hadi 15 za mwanzo kupanga vitu kichwani tu. Kengele ikilia dakika ya 25 inavunja kilichokuwa kinaanza kusimama. Kwa kazi hizo, dakika 50 kwa 10 ni bora, na waliozoea wanaweza kufika 90 kabla ya kupumzika 20. Ila usiamini sana hadithi kwamba ubongo ukiwa macho una mzunguko wa dakika 90 unaopaswa kuufuata kama saa ya ukutani. Mzunguko wa kiasi hicho umethibitika vizuri kwenye usingizi. Kwa mtu aliye macho ushahidi wake ni dhaifu. Tumia 90 kama kikomo, usiifanye sheria.

Njia ya tatu, kufanya kazi mpaka ukwame ndipo upumzike, inapendwa na wengi kwa kuwa haihitaji kengele. Hasara yake ni kwamba umakini hushuka kabla hujahisi umeshuka. Mwaka 2011 Atsunori Ariga na Alejandro Lleras wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwapa watu kazi ya kuchosha ya kukodolea skrini kwa dakika 50. Wengi walizidi kufanya vibaya kadiri muda ulivyosonga, lakini waliokatizwa mara mbili kwa shughuli nyingine fupi sana walibaki palepale walipoanzia. Pumziko linalotangulia kushuka ni dogo na rahisi. Linalokuja baada ya kuanguka linataka muda mrefu zaidi, na mara nyingi linataka pia saa moja ya kurekebisha makosa yaliyokwisha kufanyika.

Kuna jambo moja linaloharibu mitindo yote mitatu: kuacha kazi ikining'inia. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu akihama kutoka kazi moja kwenda nyingine, sehemu ya mawazo hubaki nyuma kwenye ile ya kwanza. Tiba yake ni nafuu. Kabla ya kuinuka, andika mstari mmoja unaosema hatua inayofuata ni ipi: "jedwali la 3, kagua jumla ya safu ya mwisho." Mstari huo hufanya mambo mawili: unaachia akili ipumzike kweli, na ukirudi huanzi kwa kujiuliza ulikuwa wapi.

Ndani ya dakika zenyewe, simama. Macho yanataka kitu kilicho mbali, angalau mita 6, kwa sababu misuli inayolenga kitu cha karibu hulegea ukitazama mbali. Mgongo unataka mkao tofauti, si mto mpya. Na simu? Simu ni skrini nyingine, maneno mengine ya kusoma, maamuzi mengine madogo: nijibu, nisijibu, nipite. Kwa mtu aliyekuwa akichimba mtaro, kukaa na simu dakika tano ni pumziko halali kabisa. Kwa mtu aliyekuwa akisoma na kuandika, ni kazi ileile kwa jina jingine.

Kwa kazi za nguvu hesabu inabadilika. Misuli iliyobana muda mrefu inazuia damu isipite vizuri, na uchovu wake hukua kwa kasi kuliko muda unavyokwenda. Ndiyo maana mapumziko mengi mafupi, tuseme dakika 5 hadi 10 kila saa, hushinda pumziko moja refu lenye jumla ileile ya dakika. Anayesubiri mpaka mikono itetemeke amechelewa.

Matembezi au lepe?

Hapa kuchagua ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kama umekwama kwenye tatizo lakini huna usingizi, tembea dakika 15 hadi 30, bila kitu masikioni ukiweza. Kama una usingizi, matembezi yatakuchangamsha kwa muda ambao unatembea na dakika chache baadaye, kisha usingizi utarudi na riba. Mwenye usingizi alale.

Kati ya saa 7 na saa 9 mchana mwili wenyewe hupunguza kasi. Chakula kingi huongeza uzito huo, lakini hata asiyekula huupata, kwa kuwa unatokana na saa ya ndani ya mwili. Huo ndio wakati mzuri wa kulala kidogo, na swali linalobaki ni kwa muda gani.

Amber Brooks na Leon Lack wa Chuo Kikuu cha Flinders, Australia, walilinganisha jambo hili mwaka 2006. Watu waliolala kwa muda wa saa 5 tu usiku walipewa usingizi wa mchana wa dakika 5, 10, 20 au 30. Dakika 5 hazikufanya kitu cha maana. Dakika 10 zilileta nafuu mara tu walipoamka, na nafuu hiyo ilidumu kwa zaidi ya saa mbili. Dakika 20 zilisaidia pia, ila nafuu ilichelewa kama nusu saa. Dakika 30 ziliwaacha kwanza kwenye mang'amung'amu, wazito na wazembe kuliko kabla ya kulala, ndipo faida ikaja baadaye.

Sababu yake inaeleweka. Usingizi huanza juujuu kisha huzama. Kuanzia dakika ya 20 au 30 wengi huingia kwenye usingizi mzito, na kumtoa mtu humo ni kama kumtoa kisimani: anakuja, lakini anakuja polepole. Ukipita hapo, afadhali uumalize mzunguko wote, ambao kwa wastani ni dakika 90, ingawa kwa watu mbalimbali unaweza kuwa kati ya 70 na 120. Eneo la kukwepa ni lile la katikati, dakika 30 hadi 60. Bahati mbaya ndilo ambalo watu wengi hulala, kwa kuwa wanalala bila kengele.

Chagua dakika 10 ikiwa una mkutano au mashine ya kuendesha punde tu baada ya kuamka. Chagua 20 ikiwa una nusu saa ya kuchangamka taratibu. Dakika 90 ni za mtu aliyekesha, anayekwenda zamu ya usiku, au aliye na mchana mtupu, na zimalizike kabla ya saa 10 alasiri, isipokuwa wa zamu ya usiku, ambaye kwake jioni ndiyo asubuhi. Asiyepata usingizi usiku asilale mchana kabisa: kila dakika anayolala mchana inapunguza hamu ya usingizi ambayo ingemsaidia usiku.

Namna ya kufanya lepe fupi lifanikiwe:

Weka kengele ya muda unaoutaka pamoja na dakika 5 za kupata usingizi, yaani 15 kwa lepe la 10, au 25 kwa lepe la 20. Funika macho, maana giza huharakisha. Egemea nyuma badala ya kulala kitandani chali. Mkao usio wa starehe kamili hukuzuia kuzama. Usijilazimishe kulala. Ukikaa kimya macho yamefumba dakika kumi bila kupata hata lepe, bado umepumzisha umakini, na kuhangaika kutafuta usingizi ndiko kunakoufukuza. Kengele ikilia, inuka mara moja, nenda kwenye mwanga, nawa uso. Kubonyeza kitufe cha kuahirisha kengele ndiko kunakogeuza dakika 20 kuwa 40.

Kuna wanaokunywa kahawa kwanza ndipo wanalala, na si mzaha. Kafeini huchukua takriban dakika 20 hadi 30 kuhisiwa, hivyo inakukuta ukiamka. Louise Reyner na Jim Horne wa Loughborough, Uingereza, walilijaribu hili mwaka 1997 kwa madereva wenye usingizi kwenye kifaa cha kuigiza udereva: kahawa pamoja na lepe la chini ya dakika 15 vilipunguza makosa kuliko kahawa peke yake. Masharti ni mawili. Inywe kwa haraka, si kwa kuifyonza nusu saa, na isiwe baada ya saa 8 mchana ikiwa unalala mapema, kwa kuwa baada ya kama saa 5 nusu ya kafeini bado imo mwilini, na kwa wengine huchukua muda zaidi.

Lepe haliwi usiku

Lepe la mchana ni mkopo mdogo wa kukuvusha jioni. Anayelala kwa muda wa saa 6 tu kila usiku na kujiona amezoea yumo kwenye mtego. Katika utafiti wa Hans Van Dongen na wenzake uliochapishwa mwaka 2003, watu waliwekewa saa 4, 6 au 8 za kulala kwa siku 14. Wa saa 8 walibaki salama. Wa saa 6 na wa saa 4 waliendelea kushuka siku baada ya siku, hadi kufikia hali ya mtu aliyekesha usiku mmoja au miwili mfululizo. La kutisha zaidi ni kwamba wenyewe walihisi usingizi kidogo tu. Kipimo kilionyesha wanaporomoka, wao wakasema wako sawa.

Ndiyo maana hoja ya "mimi mwili wangu umezoea" haina uzito. Kilichozoea ni hisia, si uwezo.

Kulipa deni hilo, lala mapema kuliko kawaida badala ya kuamka kwa kuchelewa. Anayelala hadi saa 5 asubuhi siku ya mapumziko anaisogeza saa ya mwili wake, usiku unaofuata hapati usingizi, na wiki inaanza na deni jipya. Kuingia kitandani saa moja mapema kwa siku nne au tano kunatosha zaidi ya asubuhi moja ya kukoroma.

Siku ya mapumziko dhidi ya saa za ziada

Hapa hesabu ipo, na ni ya zamani. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya Uingereza iliweka kumbukumbu za kina za wafanyakazi wa viwanda vya silaha, wengi wao wanawake. Mchumi John Pencavel alizichambua upya mwaka 2014. Hadi kufikia takriban saa 49 kwa wiki, kazi iliyotoka ilikwenda sambamba na saa zilizoingia. Kupita hapo, kila saa ya ziada ilizaa kidogo kuliko iliyotangulia, na aliyefanya saa 70 alitoa karibu sawa na wa saa 56. Saa 14 nzima zilikwenda na maji. Aligundua pia kwamba kukosa siku ya mapumziko kulipunguza kazi ya wiki yenyewe.

Tahadhari moja: hiyo ni kazi ya mikono iliyohesabika kwa vipande. Kwa kazi ya akili kikomo hakijulikani kwa namba hiyohiyo, na huenda kiko chini zaidi. Wapiga fidla bora waliochunguzwa na K. Anders Ericsson na wenzake huko Berlin, kwenye utafiti wa mwaka 1993, walifanya mazoezi makali ya peke yao kwa wastani wa saa 3 na nusu hivi kwa siku, si 8, na walilala zaidi kuliko wenzao wa kiwango cha chini, usingizi wa mchana ukiwemo. Saa zilizobaki za siku ya kazi zinafaa mambo mepesi.

Siku ya mapumziko ina faida pale inapokuwa nzima. Mkataba wa 14 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1921, uliweka saa 24 mfululizo katika kila siku saba kwa wafanyakazi wa viwandani, na neno lenye uzito humo ni "mfululizo". Nusu siku mbili haziwi siku moja. Kuangalia ujumbe wa kazi dakika mbili asubuhi kunatosha kukuachia jambo la kutafuna mpaka jioni, hata usipolijibu. Ukilazimika kuangalia, tenga saa moja inayojulikana, maliza, funga.

Unachofanya siku hiyo kina umuhimu kuliko wengi wanavyodhani. Aliyekaa kitini wiki nzima hapumziki kwa kukaa kitini kwingine. Aliyebeba mizigo hapumziki kwa mbio. Kinyume cha kazi yako ndicho pumziko lako, na kujifunza kitu kigumu cha kupenda, kama ala ya muziki au mchezo, kunaweza kuuburudisha moyo kuliko siku nzima ya kulala kwenye kochi.

Likizo moja ndefu au fupi kadhaa?

Fupi kadhaa, kwa watu wengi. Jessica de Bloom na wenzake waliwafuatilia wafanyakazi waliochukua likizo ndefu, wastani wa siku 23, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013. Hali yao ilipanda haraka, ikafika kileleni siku ya 8, na ndani ya wiki ya kwanza ya kurudi kazini ilikuwa imerudi pale ilipokuwa kabla. Anayeweka siku zake zote kwenye mwezi mmoja anapata kilele kimoja kwa mwaka. Anayezigawa mara mbili au tatu, za siku 8 hadi 10, anapata viwili au vitatu.

Ndefu inafaa hali chache: safari ya mbali inayokula siku mbili za njiani kila upande, kupona ugonjwa, au uchovu wa moyo uliokomaa kiasi kwamba wiki ya kwanza yote inakwenda kwa kulala. Vyovyote iwavyo, siku ya kwanza ya kurudi isiwe na mkutano. Na kama wiki moja baada ya kurudi umechoka vilevile, usiombe likizo nyingine: kasoro iko kwenye mzigo wa kazi au ratiba ya kila siku, na huko ndiko pa kutazama.

Ukilazimika kukata

Kuna wiki ambazo haviwezekani vyote. Kata kwanza matembezi, kisha nusu ya mapumziko mafupi, halafu siku ya mapumziko, lakini kwa wiki moja tu na kwa kuirudisha wiki inayofuata. Usiku ukatwe mwisho, na usikatwe mara mbili mfululizo. Drew Dawson na Kathryn Reid walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mwenye asilimia 0.05 ya kilevi katika damu. Aliyeamka saa 12 asubuhi hufika hapo saa 5 usiku, na kwa kawaida ndipo anapoichukua kazi ngumu kuliko zote na kuituma bila kuisoma tena. Aihifadhi, aweke kengele ya alfajiri. Na kama ana gari la kuendesha kwenda nyumbani, alale kwanza dakika 15 kitini, asubiri nyingine 20 mang'amung'amu yaishe, ndipo awashe injini.